Je, Wajua? Kiwanja, Deni na Mkarafuu

Sogea hapa, mwenzangu. Je, wajua kwamba Sensa ya 2012 iliikuta Pemba na watu 406,848, na ile ya 2022 ikawahesabu 543,441? Wameongezeka watu 136,593 katika miaka 10, na kisiwa hakijarefuka hata shubiri!

Wote hao wanahitaji kiwanja. Basi wajua kwamba upo mkopo wa serikali usiojenga hata ukuta? Mwaka wa fedha 2021/22, Tanzania Bara ilitenga shilingi bilioni 50 kuzikopesha halmashauri zipime viwanja. Halmashauri inapanga, inapima, inauza, kisha inarudisha fedha ileile. Riba? Sufuri! Wenyewe wanauita KKK: Kupanga, Kupima na Kumilikisha.

Ila usipande boti kwenda Wete, Pemba, na fomu ya mkopo huo mkononi. Ardhi si jambo la Muungano! Ukivuka Mkondo wa Pemba unaingia kwenye Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya 1992, na huko ardhi ni ya umma, Rais wa Zanzibar ndiye mdhamini wake.

Na je, wajua kwamba Zanzibar iliwahi kugawa ardhi bila kumkopesha mtu? Baada ya Mapinduzi ya 1964, zaidi ya familia 20,000 za Unguja na Pemba zilipewa eka tatu tatu za kulima. Nyumba nazo? Nenda Madungu, Chake Chake, utazame majumba ya ghorofa ya mtindo wa Ujerumani Mashariki. Wete yapo, Mkoani yapo. Ujerumani Mashariki yenyewe ilitoweka 1990. Majumba yangali yamesimama!

Marekani je? Ipo mikopo ya kuandaa viwanja vya vijijini kwa riba ya asilimia 3, ilipwe ndani ya miaka 2. Familia zinazopata viwanja hivyo hutakiwa kufanya zenyewe karibu asilimia 65 ya kazi ya kujenga nyumba zao. Mpemba aliyewahi kukandika nyumba na majirani zake hatashtuka hata kidogo.

Wajua pia kwamba Tanzania ina kampuni ya mikopo ya nyumba isiyomkopesha mwenye nyumba? TMRC, iliyoanzishwa 2010, hukopesha benki na taasisi za fedha tu.

Na hili ndilo nilipendalo zaidi: kwa desturi ya Visiwani, ardhi yaweza kuwa mkononi mwako na mkarafuu uliomo ukawa wa mwingine! Basi ukioneshwa kiwanja Pemba, kabla hujatoa pesa, uliza miti ni ya nani.