Stakabadhi Isiyofifia

Mkulima wa mahindi wa Songea akishapimiwa magunia yake, anarudi nyumbani na karatasi. Mkulima wa karafuu wa Pemba naye ni vivyo hivyo. Leo tunapenda kusema juu ya karatasi hiyo na mashine inayoichapa.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa adimu na hesabu zilikuwa zimevurugika mikononi mwa mashine zisizo na wataalamu wa kutosha. Mwaka huo huo, huko Marekani, kampuni ya Digital ilitoa mashine ya LA36. Haikuwa na kioo; kompyuta ilijibu kwa kuchapa karatasini, herufi 30 kwa sekunde. Sindano saba ziligonga utepe wa wino, na kila herufi ikajengwa kwa nukta.

Zuio lilipolegezwa, mashine za jamii hiyo ziliingia maofisini mwetu. Zilipiga kelele, lakini zilikuwa na fadhila moja: kwa kuwa zinagonga, nakala za kaboni zilizo chini huchapika kwa mkupuo mmoja. Ofisi ikabaki na yake, mwananchi akaondoka na yake.

Risiti nyingi za leo huchapwa kwa joto, bila wino. Ikikaa chini ya bati la moto, au mfukoni penye jasho, maandishi hufifia. Siku ya madai, mkulima hukunjua karatasi nyeupe.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu zimo ndani ya kompyuta. Ni kweli; lakini daftari lililo kwa mdaiwa peke yake si ushahidi wa mdai. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamuru deni liandikwe, tena kwa uadilifu. Maandishi yanayofutika kabla ya deni kulipwa hayajatimiza amri hiyo.

Tunawaomba viongozi, Bara na Visiwani, wasiziuze kwa mnada mashine za sindano zilizo nzima kwa sababu tu ni za zamani. Palipo na deni la mkulima, ichapwe stakabadhi ya wino, yenye nakala na muhuri. Bei ya utepe ni ndogo kuliko jasho la msimu mzima.