UZI: Ukifutwa kazi majuu, viza nayo inaanza kuhesabu siku

1/ Kila msimu wa kampeni ni mabishano yale yale. Upande mmoja: "Tumewapatia vijana kazi majuu." Upande wa pili: "Mnauza watoto wetu." Wote wanahesabu walioondoka uwanja wa ndege. Hakuna anayeuliza: huyo kijana akifutwa kazi huko, ana siku ngapi? Leo tuongee hiyo. Twende polepole.

2/ Nyumbani kwetu ni Kabianga, na huku swali hili si geni. Kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, mchumaji anayeishi nyumba ya kampuni akipoteza kazi, nyumba nayo inaenda. Ndiyo maana mashine za kuchuma chai zilileta hasira sana. Sasa viza ya kazi ni kama hiyo nyumba ya kampuni, ila unachotolewa ni nchi nzima.

3/ Kwanza tujue hapa kwetu sheria inasema nini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: mwajiri akipunguza wafanyakazi, atoe notisi ya angalau mwezi mmoja na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza kazini. Ni kidogo, na wengine hata hiyo huipigania kortini. Lakini angalau hakuna anayekuambia utoke Kenya.

4/ Binti ya shangazi yangu, mimi humwita dada, anahudumia wazee Uingereza. Jumapili moja jioni alipiga simu: mwajiri wake amenyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Yeye hakuwa amekosea chochote. Huku nyumbani, mkopo wa Sacco uliompeleka haukuwa umefika nusu. Wadhamini ni mzee wangu na majirani wawili, na bonasi ya chai ilikuwa tayari na wenyewe.

5/ Msifikirie ni yeye peke yake. Serikali ya Uingereza yenyewe ilisema kuwa kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za kudhamini wafanyakazi katika sekta hiyo ya uhudumu. Kila leseni ina watu nyuma yake, na kila mtu ana familia iliyokopa.

6/ Sheria yao iko hivi. Udhamini ukiisha, idara ya uhamiaji inakuandikia barua na viza yako inafupishwa, kwa kawaida hadi siku 60. Ndani ya hizo siku utafute mwajiri mwingine mwenye leseni, akupe cheti kipya cha udhamini, na utume ombi jipya. Ukituma kabla siku hazijaisha, unakaa kihalali ukingoja. Lakini kwa huyo mwajiri mpya huanzi kazi mpaka ombi likubaliwe. Na msaada wa serikali kwa wasio na kazi hupati. Kwa hivyo unaweza kuwa halali na bado huna pesa ya chakula.

7/ Dada alifanya nini? Hakungoja barua. Wiki hiyo hiyo alikusanya hati za mishahara, vyeti vya mafunzo na barua ya msimamizi wake. Akafungua orodha ya waajiri wenye leseni, ambayo serikali ya huko huiweka wazi kwa kila mtu, akaanza kupiga simu mji kwa mji. Tena England kuna ofisi za kikanda za kusaidia wahudumu waliopoteza udhamini. Akajiandikisha.

8/ Tuvuke tuende Marekani. Mwenye viza ya H-1B akiachishwa kazi ana hadi siku 60, au mpaka muda wake wa kukaa uishe, chochote kinachokuja kwanza. Kanuni hiyo ilianza kutumika Januari 2017. Saa inaanza kazi inapokoma, hungojei barua. Uzuri wake: mwajiri mpya akishawasilisha ombi lako, unaweza kuanza kazi kabla jibu halijatoka. Na mwajiri aliyekuachisha kabla ya muda anapaswa kugharamia nauli yako ya kurudi kwenu.

9/ Umeona? Siku ni 60 kwa 60, lakini si sawa. Mmoja anaweza kuingia kazini mapema, mwingine anangoja mfuko ukiwa mtupu. Mwanasiasa akikuambia "wana miezi miwili", muulize miezi miwili ya kufanya nini.

10/ Ghuba ndiko wengi wetu wako. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kubadilisha mwajiri mnamo Machi 2021, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Na dada zetu wengi huenda kufanya kazi hiyo hiyo! Mtu akitoka kwa mwajiri bila karatasi, anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Hapo swali la kazi mpya linageuka kuwa swali la polisi.

11/ Falme za Kiarabu zina kitu cha kuiga. Tangu Januari 2023 kuna bima ya lazima ya kupoteza kazi. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirhamu 16,000 analipa dirhamu 5 kwa mwezi. Ukishachangia miezi 12, ukiachishwa unapata asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa hadi miezi mitatu. Wafanyakazi wa nyumbani hawamo, tena. Na ukijiuzulu hulipwi, kwa hivyo usikubali kusaini barua ya kujiuzulu wakati unafutwa.

12/ Mkiniuliza, kuinuka haraka hutegemea mambo matatu: karatasi ziko mkononi mwa nani, una pesa ya kula ya miezi mingapi, na kama sheria inakuruhusu kuanza kazi mpya ukingoja majibu. La pili unaweza kulipanga na familia. La kwanza na la tatu ni siasa. Hayo huandikwa kwenye sheria za nchi na mikataba kati ya serikali.

13/ Kwa hivyo mgombea akija hapa kwetu na hotuba ya kazi za majuu, muulize:
- Mkataba unasema nini mtu akifutwa bila kosa?
- Anaweza kubadilisha mwajiri bila ruhusa ya yule wa kwanza?
- Tiketi ya kurudi ni ya nani?
- Mkopo wa kumpeleka unasimama, ama Sacco inawageukia wadhamini?
Akijibu kwa kutaja idadi ya waliokwenda, bado hajajibu.

14/ Na wale wanaosema vijana wasiende kabisa, nao wana swali lao. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Karo na dawa nyingi hapa kijijini zimetoka huko. Kusema tu "wasiende" hakulindi yule aliyeko huko tayari.

15/ Dada alipata mdhamini mpya siku ya 51. Ombi likakaa wiki kadhaa, na wakati huo akala kwa marafiki. Sisi huku tukauza ng'ombe mmoja ili Sacco isiwaguse majirani. Leo yuko kazini. Ila siku tisa ndizo zilizobaki kati yake na ndege ya kurudi, na kwenye kampeni sijawahi kusikia mtu akizitaja.

Mwisho wa uzi. Kama una mtu majuu, mtumie namba 7 na 11 leo, kabla hajazihitaji.