Utangulizi: Chanjo Iliyosubirishwa

Bibi aliyelea wanawe Mombasa au Kampala, akifika Southall kumtazama mjukuu, hushangaa: mbona mtoto hajachomwa BCG? Kwetu sindano hiyo hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa. London nayo ilikuwa hivyo hadi Septemba 2021, sindano ilipoanza kusubiri mtoto atimize siku 28. Siku hizo ni matunda ya taaluma unayoingia sasa, ya maradhi ya kinga ya kuzaliwa nayo.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina bakteria hai waliodhoofishwa. Mtoto mwenye kinga timamu huwamudu akabaki na kovu tu. Aliyezaliwa bila seli T za kinga anaweza kuenewa nao mwili mzima. Naye wiki za mwanzo huonekana mzima kabisa, mkunga hana pa kumshuku. Kinachomfichua ni damu ya kisigino, inayochukuliwa akiwa na siku tano hivi na kukaushwa kwenye karatasi. Seli T zinapokomaa huacha vipande vya DNA vyenye umbo la pete. Maabara isipoviona vya kutosha, mtoto huitwa haraka, kabla siku ya BCG haijafika. Akiwahi kupandikizwa uboho kabla ya kuugua, ana matumaini makubwa ya kuishi.

Maradhi haya ya kinga ya kuzaliwa nayo si UKIMWI wala hayaambukizwi. Chanzo chake ni jeni. Tangu Ogden Bruton aeleze kisa cha mvulana asiye na gamaglobulini, yaani kingamwili za damu, mwaka 1952, aina zilizoorodheshwa zimepita 500. Usizikariri. Anza na mwaka 1996: katika Hospitali ya St Mary's, Paddington, mwendo mfupi wa treni kutoka Southall, Melanie Newport, Michael Levin na wenzao waliwachunguza watoto wa Malta waliolemewa na bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, ambao wengi wetu hatuwahisi. Walikuta kasoro katika jeni la kipokezi cha intaferoni-gama, ishara inayoamsha seli za kinga. Mwaka huohuo watafiti wa Paris waliikuta kasoro ya jeni hilohilo kwa mtoto wa Kitunisia aliyeuawa na BCG. Familia chache zikaonyesha jinsi binadamu wote wanavyopambana na kifua kikuu.

Je, Dar es Salaam nayo isubiri siku 28? Kwa maoni yangu, hapana. Pasipo kipimo cha damu ya kisigino, kusubiri hakumfichui mgonjwa, na kifua kikuu hakisubiri. Lakini muuguzi anaweza kuuliza kabla ya kuchoma: kuna wachanga waliofariki katika ukoo huu? Shangazi hulijibu swali hilo vizuri kuliko faili lolote.