Hirizi ya mapendo na masharti yake

Siku moja kisha Misa ya asubuhi mama mumoja wa hapa Kasuku alinifuata mpaka mulango wa sakristia. Akaniwekea mukononi kifuko kidogo cha ngozi, kimeshonwa pande zote kwa uzi mweusi, kingali na jasho la kiuno chake. Akasema: « Padri, unitupie hiki katika Lualaba. Mimi mwenyewe ninaogopa. » Bwana yake alikwenda kuchimba mawe kule Kalima. Tangu miezi mingi hakuleta habari, na watu walimwambia mama huyu kama bwana amepata bibi mwingine. Feza ya masomo ya watoto wawili ilikwisha kwa kununua kile kifuko.

Nilitaka kumujibu mara moja. Kisha nikaona kama sijui vema nimeshika kitu gani. Tulijifunza amri ya kwanza na makosa yanayoipinga, lakini kitu chenyewe, namna kinavyotengenezwa na namna kinavyomushika mutu, hatukukitazama. Ninyi mutakaotumwa kesho katika parokia mutawekewa kifuko kama hicho mukononi, ndiyo maana ninaandika.

Hapa Maniema dawa za kupendwa zina njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wazee wetu. Wasongye, jirani zetu wa upande wa kusini, wanajulikana katika dunia nzima juu ya mankishi yao, zile sanamu za muti ambazo Wazungu wameziweka katika nyumba za makumbusho. Lakini wale wanaozitazama kule Ulaya wanatazama muti tu. Kwa Wasongye sanamu bila bishimba ni kuni. Bishimba ni vile vitu ambavyo nganga anavitia ndani ya tumbo la sanamu ao katika pembe juu ya kichwa chake: vipande vya nyama wa pori, majani, udongo, nywele. Hivyo ndivyo vinavyoleta nguvu. Sanamu kubwa inalinda kijiji kizima, ndogo inalinda mutu mumoja ao nyumba yake. Dawa ya mapendo inafuata akili ileile. Inahitaji kitu kilichogusa mwili wa yule anayetafutwa: nywele, kucha, nguo yenye jasho, mchanga wa unyayo wake. Mutu wa Scotland, James Frazer, aliandika habari hiyo tangu mwaka 1890. Alisema kama uchawi wote una sheria mbili: vitu vinavyofanana vinavutana, na vitu vilivyogusana vinabaki vimeungana hata vikitengwa. Wazee wetu hawakumusoma Frazer, lakini wangemwelewa.

Njia ya pili ilitoka pwani. Wafanyi biashara wa Kiarabu na Waungwana walifika Nyangwe mbele ya Livingstone, ambaye aliwakuta pale mwaka 1871, na kisha kidogo Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Walikuja kutafuta pembe na watumwa. Walituachia pia hii luga ninayoandika, na muchele, na herufi za Kiarabu. Vita ya miaka 1892 mpaka 1894 iliwaondoa mabwana wale, lakini walimu wao walibaki. (Ninaposema hapa « mwalimu », musifikiri katekista wetu. Jina ni moja, na mara nyingi limeleta machafuko ya kuchekesha.) Pamoja na herufi ilikuja hirizi.

Kifuko cha yule mama kilikuwa cha njia hii ya pili. Tueleze basi namna inavyofanywa. Mwalimu anauliza jina la mutu na jina la mama yake, hapana la baba, sababu mama ndiye anayejulikana bila shaka. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na kuendelea mpaka 1000. Anajumlisha herufi za majina, anagawanya kwa 12, na hesabu inayobaki inamwonyesha nyota ya mutu yule. Kisha anaandika aya na majina, na mara nyingi anachora sanduku la vyumba tisa, limejazwa hesabu toka 1 mpaka 9 kwa akili ya namna hii: ukijumlisha kila mustari, wa kulala ao wa kusimama, unapata 15. Katika dawa za mapendo wanapenda zaidi zile hesabu nne za pembe, 2, 4, 6 na 8, ambazo zikisomwa kama herufi zinafanya neno Buduhu. Mambo hayo yanapatikana katika kitabu cha Kiarabu kinachobeba jina la al-Buni, mutu wa karne ya 13, na kitabu hicho kingali kinauzwa. Karatasi inafukizwa ubani, inakunjwa, inashonwa ndani ya ngozi, na inavaliwa shingoni, mukononi ao kiunoni. Pengine maandiko yanaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, yanaoshwa kwa marashi, na mutu anakunywa yale maji. Watu wa pwani wanaita hiyo kombe.

Tusiwasingizie Waislamu kama dini yao ni hii. Katika mapokeo yao wenyewe kuna neno la Mtume, lililopokelewa kwa Ibn Masudi, linalohesabu dawa ambayo mwanamuke anatumia apendwe na bwana yake kuwa ni kumushirikisha Mungu na vitu vingine. Imamu anayehubiri juu ya neno lile na padri anayehubiri katika kanisa la Kasuku wanasema karibu sawasawa, na wateja wa yule fundi wa hirizi wanatoka kwa wote wawili.

Wala tusikubali maneno ya wale wanaosema kama hayo ni giza la watu weusi. Katika inchi ya Thailand, ambayo ni ya dini ya Buda, watu wengi wanavaa shingoni kibao kidogo cha udongo kinachoitwa Khun Phaen, jina la shujaa wa hadizi yao ya zamani, askari hodari aliyejua uchawi na kupendwa na wanawake wengi. Wengine wanavaa bati nyembamba iliyoandikwa herufi za zamani za Kikhmer, imekunjwa kama sigara. Watawa wao wanasoma sala juu ya vitu hivyo kusudi viamke. Kuna hata mafuta ambayo watu wanasema yanatolewa katika maiti. Biashara yake ni kubwa, inafika Singapore na China. Tazameni sasa: maandiko ambayo mwenye kuvaa hawezi kuyasoma, kitu cha mwili, sala ya mutu anayeheshimiwa, na masharti. Kuna bahari nzima katikati ya Kindu na Bangkok, na kitu ni kimoja.

Nimesema masharti. Hapa tukae kidogo, sababu ndipo penye nguvu ya hirizi. Yule mama aliambiwa asile samaki asiye na magamba, asipokee chumvi katika mukono wa mwanamuke mwingine, asivae kile kifuko siku za damu, asitaje jina la bwana yake usiku. Ni nani anayeweza kukaa Kasuku miezi mitano bila kupokea chumvi kwa jirani? Aliposhindwa, alirudi kwa yule fundi, na fundi akamuuliza: « Ulivunja sharti gani? » Mama akatafuta moyoni na akaona. Akalipa mara ya pili. Tangu siku ile hakuwa tena mutu aliyedanganywa. Katika mawazo yake mwenyewe alikuwa mutu mwenye kosa, aliyemupoteza bwana yake kwa chumvi.

Wazee wa muji huu wanakumbuka mufano mukubwa zaidi. Mwaka 1964 Wasimba walipokamata Kindu, walikuwa wamepakwa dawa, wakalia « Mai Mulele » kusudi risasi zigeuke maji. Walikatazwa kugusa mwanamuke na kugeuza macho nyuma katika vita. Vijana wengi walikufa, na juu ya kila mumoja ilisemwa kama alivunja sharti. Dawa yenyewe haikushindwa hata siku moja. Evans-Pritchard, aliyekaa kwa Wazande na kutoa kitabu chake mwaka 1937, alionyesha vema kama imani ya namna hiyo haivunjiki kwa kushindwa, sababu imekwisha kutayarisha jibu la kila kushindwa. Kwa hiyo usifikiri utamuponya mutu kwa kumwambia tu: « Unaona, haikufaa kitu! » Anajua sababu haikufaa.

Mutakatifu Tomaso, katika Summa (II-II, swali la 96, fungu la 4), anauliza kama ni zambi kuvaa maneno matakatifu shingoni. Jibu lake halina haraka. Anataka tutazame kama hakuna majina yasiyojulikana, kama hakuna uwongo, kama hakuna alama zingine pamoja na ile ya musalaba, na kama tumaini la mutu haliko katika namna ya kuandika ao ya kufunga. Kipimo hicho cha mwisho ni kikali hata kwetu. Nimeona shingoni mwa binti mumoja medali ya Bikira Maria na hirizi juu ya uzi mumoja, na nilipomuuliza alisema kama moja ikilala nyingine inakesha. Hapo hata medali imekwisha kuwa hirizi. Tomaso huyohuyo anafundisha kama hakuna kiumbe, wala nyota wala shetani, kinachoweza kulazimisha utashi wa mutu. Basi kile kinachouzwa hakiko kwa muuzaji.

Juu ya dawa zinazotiwa katika chakula sina maneno mengi. Unga usiojulikana unaweza kuharibu maini na figo. Bwana aliyekula akaugua apelekwe kwa munganga siku ileile, na bibi aseme alitia nini. Haya itafuata kisha.

Sasa, padri afanye nini na kifuko? Mutakatifu Yeronimo, katika maisha ya Hilarioni, anasimulia kijana wa Gaza aliyetaka binti mumoja. Alikwenda Memfisi, akajifunza, akarudi kisha mwaka mumoja na kuzika bati la shaba lenye maandiko chini ya kizingiti cha nyumba ya binti. Binti akashikwa na wazimu, akamwita yule kijana kwa sauti. Walipomuleta kwa Hilarioni, yeye alikataa bati litafutwe mbele ya binti kupona. Hakutaka watu wafikiri kama shetani aliondoka sababu bati limetolewa. Mimi nilipenda sana ukali ule. Tukifanya moto mukubwa mbele ya kanisa na kuchoma hirizi kwa kelele, watu wanarudi nyumbani wakisema: « Hata mapadri wanaiogopa. »

Kwa hiyo sikuitupa katika Lualaba. Nilimwambia yule mama aketi, nikatafuta wembe, tukaifungua juu ya meza ya sakristia. Ndani mulikuwa karatasi moja. Sanduku la vyumba tisa na maandiko yote yalikuwa ya fotokopi; majina peke yake yaliandikwa kwa kalamu. Mama hajui Kiarabu, lakini mutoto wake mukubwa alisoma kidogo kwa Waislamu jirani, tukamwita. Alisoma jina la bwana vema. Jina la mama wa bwana halikuwa la bibi yake. Lilikuwa jina la mutu mwingine kabisa, ambaye hawamujui.

Ninakiri kama nilifurahi, na nilikosa. Ingekuwa jina limeandikwa sawasawa, karatasi ingebaki karatasi. Mama alitazama kimya, akacheka kidogo, kisha akaniuliza: « Na ile feza ya watoto, Padri? »

Sikuwa na jibu. Tuliandika barua kwa katekista mumoja wa Kalima, tukaeleza jina la bwana na la kijiji chake, tukaipa dereva wa kamyo aliyekuwa anapanda juma lile. Jibu halijafika.