Babu yako alishtakiwa? Huenda faili ingalipo

Je, msomaji, wajua kwamba huenda babu yako aliwahi kusimama mbele ya korti? Usishtuke. Enzi za ukoloni wazee wetu walishtakiana kwa ajili ya mbuzi, mahari na mipaka ya shamba, na karani akaandika majina ya wadai, ya mashahidi na yale waliyoyasema. Cheti cha kuzaliwa hakina hayo, na wengi wa wazee hao hawakuwa nacho.

Jijini Nairobi, anzia Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, katika lile jengo kuukuu lililokuwa benki. Lakini ukimtajia mhudumu jina la ukoo wako tu, utatoka mikono mitupu. Faili za serikali ya kikoloni zilipangwa kwa mkoa na wilaya, si kwa jamaa za watu. Kwa hivyo waulize wazee kwanza: tulikuwa chini ya chifu gani? Wilaya gani wakati huo? Kesi ilikuwa mwaka gani hivi?

Mwaka una maana. Baraza za kienyeji za sheria ya 1930 ziligeuzwa kuwa Mahakama za Waafrika mwaka wa 1951, nazo zikaondolewa na sheria ya mahakimu ya 1967. Korti ni ile ile, jina mbali.

Jihadhari pia na tahajia: karani aliandika alivyosikia. Na huenda ukagundua kwamba babu ndiye aliyesogeza mpaka!

Nyanya angali hai? Mwulize leo jioni, kabla hujapanda matatu kwenda mjini.