Lugha ya Baraza katika Mafunzo ya Uongozi kwa Wanawake wa Kimaasai

Katika wilaya za wafugaji za kaskazini mwa Tanzania, hasa Ngorongoro, Longido, Monduli na Simanjiro, kwa zaidi ya miaka ishirini yamekuwapo mafunzo ya uongozi kwa wanawake wanaojishughulisha na mambo ya vijiji vyao. Aghalabu mafunzo hayo huelezwa kwa kutaja haki: haki ya ardhi, haki ya mifugo, haki ya kuchagua na kuchaguliwa. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini haki haina budi isemwe, na husemwa mbele ya watu, kwa lugha fulani na kwa taratibu fulani. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya mafunzo haya ni mafunzo ya lugha, na ya kuwa mkufunzi asiyelitambua jambo hilo huenda akamrudisha mwanafunzi wake kijijini akiwa na elimu kichwani ilhali kinywa chake kimefungwa.

Maneno yanayotumika

Yafaa kwanza tuyapime maneno ambayo mafunzo yenyewe huyatumia. Neno jinsia lina asili moja na jinsi, nalo hili limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni aina. Siku hizi wataalamu wengi hupenda kutumia jinsi kwa maumbile ambayo mtu huzaliwa nayo, na jinsia kwa mgawanyo wa kazi, mali na heshima ambao jamii huwapa wanaume na wanawake. Tofauti hiyo ina manufaa katika vitabu, bali haijaenea katika usemi wa kila siku. Mkufunzi akianza kwa kulifafanua neno lenyewe, asubuhi itakwisha kabla hajaeleweka. Akianza kwa kuuliza ni nani ajengaye nyumba, ni nani akamaye, ni nani agawaye maziwa, na ni nani mwenye kuamua ng'ombe auzwe, atakuwa ameifundisha jinsia bila ya kuitaja. Kwa desturi ya Wamaasai mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba. Maziwa yamo mikononi mwake. Naye hutengewa ng'ombe ambao wanawe wa kiume huja kuwarithi. Lakini kumtoa ng'ombe mnadani ni shauri la mume. Kila aliyeketi hapo anayajua majibu hayo tangu utotoni. Lililo geni kwake ni kuyaona yote yamepangwa pamoja mbele yake.

Neno la pili ni wenyeji asilia. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipigia kura ya kulikubali. Hata hivyo, msimamo wa serikali umekuwa kwamba Waafrika wote ni wenyeji asilia wa bara lao. Mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa Pendekezo la Jumla Namba 39, linalowahusu wanawake na wasichana wa jamii hizo, na ndani yake kushiriki katika maamuzi kumepewa nafasi kubwa. Neno hili basi lina nguvu Geneva na New York. Katika mkutano wa kijiji linaweza kuleta ubishi wa bure, na neno wafugaji hufikisha maana pasipo ugomvi. Mwanamke aliyefundishwa vema huyajua maneno yote mawili, na hujua lipi ni la wapi.

Vyeo katika Kiswahili na katika Kimaa

Kiswahili hakibagui majina kwa uume na uke. Tukisema kiongozi, mwenyekiti au mjumbe, msikilizaji hajui bado kama tunasema habari za mwanamume au mwanamke, na sarufi haimlazimishi msemaji kumwambia. Kimaa, ambacho ni lugha ya Kiniloti, kina mwenendo mwingine. Jina huchukua kiambishi cha mbele cha kiume, ol-, au cha kike, en-, pamoja na sura zao mbalimbali. Viambishi hivyo havionyeshi uume na uke tu, bali hutofautisha pia kikubwa na kidogo: olalem ni sime au upanga, na enkalem ni kisu, olchani ni mti, na enchani ni mti mdogo au mmea.

Sasa tulitazame jina la kiongozi wa mila. Huitwa olaigwanani, na magazeti ya Tanzania yamelichukua neno hilo na kuandika laigwanani, wengi wao malaigwanani. Shina lake ni la kushauriana na kujadili. Kiongozi ni mtu wa kauli. Mwanamke ashikapo kazi hiyo, Kimaa hakiwezi kuliacha jina lilivyo, bali huliita engaigwanani. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kwa kuwa kiambishi cha kike hubeba pia maana ya udogo, mtu mwenye dhihaka anaweza kulitamka jina hilo kana kwamba ni cheo kilichopunguzwa, na sarufi ikampa kisingizio. Mtu mwenye heshima hulitamka lile lile, nalo likawa cheo kamili. Ni desturi ya wasemaji, yaani ni nani amelisema, wapi, na mbele ya nani, ndiyo inayoamua.

Wala isidhaniwe kwamba sarufi yenyewe imekwisha kuukata uongozi kwa ajili ya wanaume. Mkutano wa shauri wa Wamaasai, ambao kwa kawaida umekuwa wa wanaume, huitwa enkiguena, jina lenye kiambishi cha kike. Kwa upande mwingine, ujumbe wa watu watokao pamoja kwenda kuomba baraka, ambao wanawake nao huufanya kwa wingi wao, huitwa olamal, jina lenye kiambishi cha kiume. Basi hoja ya kwamba lugha ya mababu haina mahali pa mwanamke barazani haisimami.

Historia nayo inatupa sababu ya kuwa waangalifu tunapotaja mila. Dorothy L. Hodgson, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza habari za Wamaasai wa Tanzania, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2001 kwamba utawala wa kikoloni uliwaongezea wazee wa kiume madaraka, kwa kuwafanya walipa kodi, wakuu wa kaya na wenye mifugo mbele ya serikali. Sehemu ya yale yanayoitwa mila leo iliandikwa katika madaftari ya kodi.

Sheria ya kijiji na msamiati wake

Enkiguena huendeshwa kwa Kimaa. Serikali ya kijiji huandika kwa Kiswahili. Hapo ndipo ugumu unapozidi, kwani mwanamke ambaye hakupelekwa shule amekosa pia nafasi kuu ya kujifunza Kiswahili cha kusoma na kuandika.

Sheria yenyewe imemfungulia mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, inatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Na desturi yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kinyume cha sheria ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha, lina watu 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 hutakiwa kuwa na wanawake robo yao. Zaidi ya hayo, Halmashauri haiwezi kugawa ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18.

Lakini mlango huo una komeo, na komeo hilo ni maneno. Nataja manne.

La kwanza ni akidi, yaani idadi ya watu bila ya hao mkutano si halali. Mwanamke anayelijua neno hili anaweza kusimama, akahesabu vichwa, na kuuliza swali moja tu ambalo mwenyekiti hana budi kulijibu.

La pili ni muhtasari. Yaliyosemwa chini ya mti hupotea na upepo. Yaliyo katika muhtasari ndiyo yanayopelekwa wilayani. Kwa hiyo muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwa sauti, na ufasiriwe kwa Kimaa, kabla ya kuthibitishwa.

La tatu ni mahudhurio. Karatasi ya mahudhurio huonyesha kuwa mtu alifika, basi. Asiyeweza kusoma, akatia dole gumba katika karatasi isiyo na kichwa cha habari, hana njia ya kujua itaambatanishwa na nini.

La nne ni ridhaa. Kunyamaza si ridhaa, ingawa katika mabaraza mengi husomwa hivyo. Ridhaa ni kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa, na neno hili lafaa lifundishwe pamoja na kinyume chake, ili kusema hapana kuwe jambo la kawaida.

Namna ya kufundisha

Kutokana na hayo, njia ya mafunzo hujitokeza yenyewe. Kwanza, mambo yafikiriwe na kujadiliwa kwa Kimaa, kisha yasemwe kwa Kiswahili. Kuyageuza hayo ni kuwafanya wanawake wakariri wasichokielewa. Pili, mkutano uigizwe: mmoja awe mwenyekiti, mmoja katibu, mmoja mpinzani mwenye maneno makali, na kila mwanamke aombe nafasi, atoe hoja, aiunge mkono hoja ya mwenzake, na akatizwe usemi kisha aendelee. Kuendelea baada ya kukatizwa ni ujuzi unaohitaji mazoezi kuliko wote. Tatu, asiende barazani peke yake. Mwanamke mmoja akisema huitwa mkaidi. Wakisema watano hoja ile ile kwa zamu, huwa ni hoja ya kijiji. Nne, wazee wa mila wahusishwe mapema. Majukwaa ya wanawake ya haki na uongozi yaliyoundwa kaskazini mwa Tanzania yamewakaribisha baadhi ya wazee hao, na faida yake kwa upande wa lugha ni dhahiri: olaigwanani akimwita mwanamke engaigwanani mbele ya watu, hakuna tena wa kulidhihaki jina hilo.

Mfano wa Loliondo

Umuhimu wa mambo haya unaonekana Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro. Huko ndiko lilikoanzishwa mwaka 1997 Baraza la Wanawake Wafugaji, ambalo Maanda Ngoitiko ni miongoni mwa waanzilishi wake. Mwezi wa Julai 2009 wafugaji wa Loliondo walihamishwa kwa nguvu, na maboma yakachomwa moto. Mwezi wa Aprili 2010 wanawake walikusanyika kwa wingi, wakarudisha kadi zao za chama tawala. Mwaka 2013 serikali ilipotangaza kuitenga ardhi ya kilomita za mraba 1,500, walikusanyika tena na kusema hadharani, na mwezi wa Septemba Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaliondoa tangazo hilo. Hata hivyo, mwezi wa Juni 2022 mipaka iliwekwa, na eneo la ukubwa huo likatangazwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Mashauri yakafika mahakamani.

Haifai, basi, kuwaahidi wanawake kwamba mafunzo ya uongozi yatailinda ardhi daima, kwa maana hayana uwezo huo. Yanaloweza ni hili: uamuzi usipite kwa kisingizio kwamba wanawake hawakusema neno, na ushahidi wao uwe umo katika maandishi wakati hakimu atakapoufungua. Ni jambo dogo likilinganishwa na nyika, lakini bila ya hilo mengine hayana pa kuanzia.

Hitimisho

Wachunguzi wa lugha wanayo kazi katika jambo hili. Inahitajika faharasa fupi ya maneno ya serikali ya kijiji kwa Kiswahili na Kimaa, iliyotungwa pamoja na wanawake watakaoitumia, na iliyorekodiwa kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Maneno yake yasizidi mia moja, nayo yachaguliwe kwa kipimo kimoja: kama mtu asiyelijua neno hilo anaweza kunyang'anywa kitu, na liandikwe.