Ukodishaji wa mali inayohamishika

Ukodishaji wa mali inayohamishika ni makubaliano ambayo mwenye kitu (mkodishaji) humpa mtu mwingine (mkodi) haki ya kukitumia kwa muda fulani, naye hulipa ujira. Umiliki hubaki kwa mkodishaji. Kinachohama ni matumizi tu.

Mali inayohamishika ni ile inayoweza kuondolewa mahali ilipo bila kuharibika, kama vile pikipiki, mashine, viti, vyombo vya kupikia na mifugo. Ardhi, pamoja na nyumba zilizojengwa juu yake, ni mali isiyohamishika, nayo ina sheria zake. Hata lugha ya Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa kiasi fulani: kwa kawaida nyumba hupangwa, kumbe turubai au pikipiki hukodiwa.

Kukodi, kuazima na kulipia kazi

Mambo hayo matatu huchanganywa mara nyingi. Katika Mkoa wa Mara, ambako kilimo cha plau la kukokotwa na ng'ombe kimeenea, mfano ni rahisi. Mkulima akichukua plau la jirani bila malipo, ameazima. Akilichukua kwa malipo na kulitumia mwenyewe, amekodi. Mwenye plau akija na ng'ombe wake akalima shamba kwa malipo, hajakodisha kitu: ameuza kazi yake. Vivyo hivyo abiria wa bodaboda hakodi pikipiki, bali hulipia safari.

Sheria

Katika Tanzania Bara msingi ni Sheria ya Mikataba, iliyoanza kutumika mwaka 1961 na kufuata kwa sehemu kubwa sheria ya India ya mwaka 1872. Kadiri yake, mkodi anapaswa:

- kukitunza kitu kama mtu makini wa kawaida angetunza mali yake mwenyewe;
- kukitumia kwa kazi iliyokubaliwa tu, la sivyo atalipa hasara inayotokea;
- kukirudisha muda unapokwisha, bila kusubiri kudaiwa.

Kwa upande wake, mkodishaji huwajibika kwa madhara yanayotokana na ubovu wa kitu alichokodisha, hata kama hakuujua. Anayeazimisha bure huwajibika kwa ubovu alioujua tu na kuuficha. Mkodi aliyetunza kitu ipasavyo hawajibiki kikipotea au kuharibika, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine.

Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya mikopo ya karadha. Katika karadha, mkodi huchagua mashine na muuzaji wake, mkodishaji huinunua, halafu mkodi huitumia kwa kulipa kidogo kidogo. Njia hiyo humsaidia asiye na shamba au nyumba ya kuweka rehani, kwa kuwa mashine yenyewe ndiyo dhamana. Benki za Kiislamu zina mkataba wa kufanana nao, uitwao ijara.

Mfano wa bodaboda

Katika miji ya Tanzania, ikiwemo kata za mji wa Tarime kama Nyamisangura, ukodishaji unaojulikana zaidi ni ule wa pikipiki. Una namna mbili. Katika ya kwanza, dereva humpelekea mwenye pikipiki kiasi maalumu kiitwacho "hesabu", na pikipiki haiwi yake kamwe. Katika ya pili, iitwayo "mkataba", dereva hulipa hesabu kwa muda uliopangwa, na mwishoni pikipiki huwa yake.

Hesabu ikiwa shilingi 10,000 kwa siku 6 za wiki, jumla ya wiki 52 ni shilingi 3,120,000. Tofauti kati ya jumla hiyo na bei ya dukani ndiyo faida ya mwenye mali na gharama ya dereva kukosa fedha taslimu.

Hatari kubwa iko katika miezi ya mwisho. Kadi ya pikipiki huwa bado ina jina la mwenye mali. Hivyo dereva aliyeugua au kupata ajali akiwa amebakiza malipo machache anaweza kunyang'anywa chombo na kupoteza yote aliyolipa, hasa kama makubaliano yalikuwa ya mdomo.

Mambo ya kuandika katika mkataba

Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa halali, lakini ni vigumu kuyathibitisha. Mkataba mzuri hutaja:

- majina ya pande zote mbili na mashahidi;
- namba za usajili, injini na fremu, pamoja na hali ya chombo siku ya kukabidhiwa;
- kiasi cha malipo, siku za kulipa na tarehe ya mwisho;
- nani analipia bima, leseni, matengenezo na faini;
- malipo yanahesabiwaje siku za ugonjwa, ajali au matengenezo;
- nini kinafanyika kwa fedha zilizokwishalipwa, mkataba ukivunjika;
- lini kadi itabadilishwa jina.

Kila malipo yanafaa kuwa na stakabadhi au kuandikwa katika daftari linalosainiwa na wote wawili. Mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.